Kikohozi cha Asubuhi

Kangemi, Nairobi
16 Juni 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nimeanza nayo kabla hujaniuliza nimeiacha wapi.

Habari kubwa naitoa kwanza: nimejifungua. Najua ulikuwa unangojea Agosti, hata mimi nilikuwa nangojea Agosti, lakini mtoto hakutuuliza. Ni msichana. Ni mdogo, Baba, mdogo mpaka naogopa kumshika. Odero akimlaza kwa mkono, kichwa kinaishia kwa kiganja na miguu haifiki kiwiko. Walitukalisha hospitali kidogo, sasa wameturudisha nyumbani. Wanasema hana ugonjwa wowote, shida yake ni moja tu, mwili wake bado haujui kujipasha joto. Eti nimbebe kifuani, ngozi kwa ngozi, mchana na usiku, mpaka anone. Nikimtoa kidogo tu kumbadilisha nepi, midomo inageuka rangi.

Na baridi ya mwaka huu haina huruma. Jua hatujaliona tangu mwezi uanze. Ukiamka asubuhi mabati yanatona maji kwa ndani, nguo hazikauki, nepi naanika juu ya sufuria ya uji. Nimevaa sweta mbili na leso juu, na bado natetemeka.

Odero bado ni askari wa usiku huko Spring Valley, kwenye nyumba ya akina Neel. Anatoka jioni, anarudi asubuhi, akifika analala kama gogo. Simlaumu, ndiyo kazi. Lakini usiku nabaki peke yangu na huyu mtoto kifuani, na siwezi kufumba macho, kwa sababu nikigeuka vibaya atateleza. Nimechoka Baba. Juzi nililia mpaka jirani yangu Ivyne akaja kugonga akidhani kuna msiba.

Naomba uniachie Mama, mpaka baridi iishe tu. Najua kifua chake, na najua utasema nini juu ya hicho kifua. Lakini sina mtu mwingine. Simu haikusaidii siku hizi kwa sababu ya masikio, ndiyo maana hii barua nampa Omollo wa basi, badala ya kumpigia jirani yako Oloo halafu akupigie kelele mbele ya soko nzima.

Mtoto wako,
Peres


Ugenya
20 Juni 2025

Kwa Peres,

Salaam kwako, kwa mumeo, na kwa huyo mgeni asiyejua kalenda.

Barua yako Omollo ameileta mwenyewe mpaka mlangoni, akakaa mpaka akapewa chai. Nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza kama babu na mara ya pili kama mwalimu. Kama babu nimelia kidogo, usimwambie mtu. Kama mwalimu, nimeona "kwa kiganja" pale panapostahili "kiganjani". Miaka yote ile niliyofundisha Kiswahili, binti yangu mwenyewe anaandika kama kondakta. Nakupa alama sita kwa kumi kwa sababu umetoka uzazini juzi.

Unaniomba mama yako. Ungeona yaliyotokea hapa usingeniomba chochote. Nilikuwa namsomea kwa sauti, na nilipofika penye "naomba uniachie Mama" alikuwa ameshateremsha begi. Kwa hiyo anakuja. Ila nina mambo mawili, na yote mawili uyashike.

La kwanza ni kifua. Wewe hukuwepo mwaka juzi alipolazwa na nimonia. Mimi nilikuwepo. Daktari aliniambia kifua hicho kikishikwa na baridi tena, tusimtafute mchawi. Alale mahali pakavu, penye joto, na asiamke alfajiri kuteka maji akijidai msichana.

La pili unalijua, ila nitaliandika ili asiwepo wa kusema hakuambiwa. Mama mkwe halali chini ya paa la mume wa binti yake. Usiniambie kwamba Nairobi ni Nairobi. Odero ni kijana wa nyumba nzuri, yeye mwenyewe hatataka. Atafute chumba kingine, hata kwa jirani.

Mke ninaye mmoja, Peres. Namtuma kwako akiwa mzima, na nataka nirudishiwe mzima.

Baba yako,
Mwalimu Oyoo


Kangemi
29 Juni 2025

Mwalimu,

Nimefika, na mguu haukuvimba sana. Unga umefika, kuku amefika, yai moja tu limepasuka. Omollo anaendesha vizuri lakini anaongea mno.

Mjukuu wako nimemwona. Ana pua yako, pole yake. Nimemweka kifuani mwangu mchana wote Peres akalala, akalala mpaka akakoroma, na mimi nikakaa na huyu mtu mdogo anapumua hapa shingoni kama kifaranga. Mwalimu, nimezaa sita nikazika wawili, na sijawahi kumwogopea mtoto hivi. Lakini ananyonya. Anayenyonya ana nia ya kukaa.

Chumba changu usikiwazie. Odero amenitafutia hapo hapo kwenye ploti, ukuta kwa ukuta na wao. Ni chumba kizuri, kina mlango wa kufunga na komeo ndani. Nina godoro na blanketi zangu.

Huyo mkwe wako ana adabu, nakwambia ukweli. Asubuhi akirudi kazini anasimama pale langoni anakohoa, ili nijue anakuja, niondoke njiani tusikutane. Nami nikiwa chumbani mwangu namjibu kwa kukohoa, ajue nimeamka na njia ni nyeupe, apite. Tangu nije hatujaangaliana usoni, lakini tunakoholeana kila siku ya Mungu. Peres anacheka mpaka anashika tumbo. Na wewe usicheke.

Kuna baridi, siwezi kukudanganya. Si kama yetu ya mvua, ikinyesha ikaisha. Hii inatoka chini, inaingia nyayoni, inapanda. Lakini mimi niko sawa. Je, wewe unakula? Mke wa Oloo nimemwachia maagizo. Usimwambie chakula chake hakina chumvi, hata kama hakina.

Wako,
Awuor


Kangemi
4 Julai 2025

Baba,

Shikamoo. Mama asijue nimekuandikia. Amekaa nje hapo anachambua mboga, mtoto amemfunga kifuani kwa leso, na mimi nimejifanya naandika hesabu ya chama.

Najua amekwambia chumba ni kizuri. Baba, hicho si chumba. Ni stoo ya Mbithi, msimamizi wa ploti yetu, alikokuwa anaweka simiti na rangi. Ni mabati pande zote, chini ni simiti tupu, na kati ya bati na bati mkono unapita. Tuko upande wa bondeni, upepo wote wa mto unapanda huku. Odero alizunguka Kangemi mzima akitafuta chumba cha maana, lakini vyote ama vimejaa ama hatuviwezi, na Mama alipoona amehangaika akasema hapo hapo panatosha.

Hapatoshi. Usiku namsikia kupitia kwa ukuta. Anakohoa, ananyamaza, anakohoa tena. Anaweka leso mdomoni ili nisisikie, na mimi nasikia leso. Asubuhi nikimuuliza umelalaje anasema, "Nimelala fofofo."

Sasa niangalie vizuri Baba. Odero usiku hayuko. Kitanda chetu kinabaki nusu. Mimi niko hapo na mtoto, kuna joto la watu wawili, na mama yangu yuko hatua mbili kutoka hapa anatetemeka. Mchana Odero akija kulala, Mama anakuwa nje. Hawawezi kulala chini ya paa moja hata wakitaka! Nilimwambia aingie, akanikemea. Akasema, "Na Mwalimu akisikia?" Nikamwuliza Odero, akaangalia chini, akasema yeye akiambiwa na Mzee atakubali, lakini bila neno la Mzee hawezi.

Kila mtu anangojea neno lako. Sema tu ndiyo, umpe Omollo. Tafadhali Baba. Nakuomba kama vile sijawahi kukuomba kitu.

Peres


Ugenya
9 Julai 2025

Kwa Peres,

Nimeisoma barua yako na sikusahihisha kitu, ili ujue nimeichukulia kwa uzito.

Jibu langu ni hapana. Ngoja, usiitupe. Soma mpaka mwisho.

Unasema Odero usiku hayuko. Kwani akienda kazini paa linaenda naye? Kitanda ni chake, nyumba ni yake, awepo asiwepo. Mimi ni mwalimu na ni mzee wa kanisa, na kuna neno sipendi kuliandika, lakini nitaliandika. Ni chira. Ukivunja mwiko wa namna hii, mkosi haumfuati aliyevunja. Unamtafuta mdogo aliye ndani ya nyumba. Niliona watoto wakikonda hivi hivi, mchana kweupe, dawa haiingii. Labda ilikuwa malaria. Labda ni ujinga wetu wa zamani. Lakini wewe una mtoto ambaye hafiki kiwiko cha baba yake, na unaniuliza mimi nijaribu? Nikose usingizi kwa ajili ya mama yako, au nikose kwa ajili ya huyo? Sijui, Peres. Basi nashika ninachokijua.

Ila mkewe Oyoo hatatetemeka wakati Oyoo ana koti. Namtumia lile langu la sufu, la mazishi na mitihani. Ni zito, limenifikisha hapa. Alivae hata kitandani. Na mwambie Odero azibe hayo matundu. Mwanamume aliyezaa hawezi kushindwa na mabati.

Mama yako sitamwambia kwamba umenifichulia.

Baba yako


Kangemi
14 Julai 2025

Mwalimu,

Koti limefika. Nililipokea nikalinusa, lina chaki mpaka leo. Ni zuri mno. Joto lake naliona kila siku.

Sasa wacha nikupe habari za kukufurahisha, maana najua huyo binti yako ana mdomo, na najua haikuwa hesabu ya chama.

Mtoto ameongezeka! Tulimpeleka kliniki, nesi akamweka kwenye mizani akasema, "Huyu bibi anafanya kazi nzuri," akimaanisha mimi. Nikavimba kichwa njia nzima ya kurudi. Mashavu yameanza. Analia sasa kwa hasira, si vile vilio vidogo vya mwanzo.

Huyo nesi ni mkali, lakini ana akili. Alituuliza usiku tunapasha nyumba joto kwa kitu gani, Peres akasema kwa jiko la makaa. Akapiga kelele! Akasema jiko lisilale ndani na mtoto hata siku moja, makaa yanaharibu hewa, mtoto hawezi. Basi Peres tangu siku hiyo akimaliza kupika analitoa nje. Nikamwambia, mbona makaa yanaungua bure huko nje? Lete kwangu. Kwangu hakuna mtoto. Mimi nimelala na moto jikoni kwa mama yangu tangu nizaliwe, na kwako pia mwaka ule nyumba ilipoanguka.

Na mkwe wako amenifanyia kazi ya fundi. Siku yake ya mapumziko hakulala. Alileta katoni na nailoni kutoka mjengo wa Muthangari, akaziba kila tundu la chumba changu, kwa nje, maana ndani haingii. Peres akamsaidia kwa upande wa ndani. Walikuwa wanaongea kupitia ukuta, "Hapa?" "Hapo!" "Bado naona mwanga!" Mimi nimekaa na mtoto nawacheka. Hata chini ya mlango amenifanyia kitambaa cha kusukumia. Sasa hakuna upepo unaoingia hata wa kuzima kiberiti.

Kwa hiyo nina koti, nina jiko, nina chumba kisichovuja. Lala, Mwalimu. Kichwa huwa kinaniuma kidogo nikiamka, lakini nikipigwa na hewa ya nje kinapoa. Ni uzee.

Odero bado ananikoholea. Jana nilikohoa mara mbili, akakohoa mara mbili. Sasa tumeanza mazungumzo.

Wako,
Awuor


Ugenya
19 Julai 2025

Peres,

Barua ya mama yako nimeipata na nimefurahi. Habari ya jiko imenituliza, na mashavu ya mtoto yamenituliza zaidi. Lakini nimeisoma kama ninavyosoma mtihani wa mtoto mjanja, nikitafuta alichoruka. Mahali popote hajasema kwamba hakohoi. Hata mara moja.

Nitakwambia jambo. Tangu aende nalala katikati ya kitanda, na sipati joto. Huku kwetu hakuna baridi ya maana, mke wa Oloo anatembea na mikono wazi, lakini mimi naamka miguu imeganda. Nimejifunika kila kilichomo nyumbani isipokuwa pazia. Nikawaza, kama mimi hapa niko hivi, huyo aliyelala juu ya simiti yukoje? Nikaona aibu. Mwiko niliushika mimi, na baridi nikampa yeye.

Sikumwuliza mzee yeyote, kwa sababu najua wangenikataza. Nimeamua peke yangu, na naandika kwa mkono wangu:

Mama yako alale ndani ya nyumba ya Odero, na wewe na mtoto, tangu siku barua hii inapofika. Kama kuna neno la kulipwa, linijie mimi, lisimguse mtoto wala Odero. Mwonyeshe mama yako hapa, aone sahihi yangu, maana hataamini.

Mwambie Odero asiangalie chini tena. Neno alilokuwa anangojea ni hili.

Mwalimu Oyoo


Kangemi
24 Julai 2025

Kwa Mzee wangu Mwalimu Oyoo,

Pole sana, Mzee. Sijui kama mkwe anaruhusiwa kumpa mkwe wake pole kwa barua, lakini nikinyamaza mpaka siku ya mazishi nitapasuka. Habari yenyewe ulishapewa na Oloo. Vile ilivyokuwa hujaambiwa na mtu, na haki yako ni uambiwe na mimi.

Ilikuwa Jumanne. Nilitoka Spring Valley kulipopambazuka, nikatembea hadi nyumbani. Nilifika langoni nikakohoa. Mama hakunijibu. Nikakohoa tena, kukawa kimya. Mzee, nilifurahi. Nilisema moyoni, leo kifua kimempa nafasi, amelala.

Peres alikuwa ameenda kliniki mapema kuwahi foleni. Ameniambia baadaye kwamba hata yeye alipita hapo mlangoni polepole, amevua viatu, asimwamshe. Alifurahi kwamba usiku huo hakumsikia akikohoa. Hilo ndilo linamuua sasa. Hali chakula, anamshika tu mtoto.

Niliingia kwetu nikakaa kitandani, nikaanza kuvua koti. Usingizi ukakataa. Ule ukimya haukuwa mzuri. Nikatoka nikasimama mbali na mlango wake nikaita, "Mama." Nikaita tena kwa nguvu. Nikapiga bati kwa kiganja. Hakuna.

Komeo lilikuwa limefungwa kwa ndani. Mimi ni askari, mlango ule wa mbao ningeuvunja kwa teke moja. Sikuuvunja, Mzee. Nilisimama hapo nikawaza, humo ndani amelala mama mkwe wangu, pengine hana nguo, pengine ni mgonjwa tu, na mimi nitaingiaje? Nikaenda kutafuta mwanamke.

Unajua hapa asubuhi hakuna wanawake. Wote wameshapanda kwenda kufua na kupika kwa watu huko Spring Valley na Muthangari. Niligonga kwa Ivyne, ameenda kazini. Nikagonga ploti yote. Nikaenda ploti ya pili, nikapata watoto peke yao. Nikakimbia mpaka bombani, wanaume watupu. Mwishowe nikafika sokoni, nikamshika mama mmoja muuza nyanya simjui hata jina, nikamwomba. Alisema nimwachie nani nyanya. Nikampigia magoti. Akaja, lakini miguu yake ni mibaya, tulipanda polepole, na mimi niko nyuma yake, siwezi kumsukuma.

Tulipofika alijaribu mlango, akanigeukia akasema, "Vunja wewe, mimi nitatoa nguvu wapi?" Ndipo nikavunja. Yeye akaingia mbele na leso ya kumfunika, na mimi nikageuka nyuma. Akapiga ukemi, "We baba, ingia! Unaogopa nini tena!"

Nikaingia. Jiko lilikuwa pale miguuni, makaa yamekuwa jivu. Mama alikuwa amelala upande mmoja, ameshika kichwa kwa mkono. Nilimbeba mikononi nikamtoa nje, mchana, watu wakiona. Hiyo ndiyo mara ya kwanza nilimwona uso vizuri. Mwili wake ulikuwa na joto, Mzee. Nilifikiri yuko hai kwa sababu alikuwa na joto.

Hospitali walisema ni hewa ya makaa. Chumba hakikuwa na pa kuitoa. Nilimwuliza daktari, kama ningevunja mlango pale pale nilipofika, angepona? Alinishika bega akasema niende nikakae na mke wangu.

Matundu niliziba mimi. Nilikuwa najivunia. Kule ninakolinda, ukuta una bomba la moshi linalotoka mpaka juu ya paa, nimeliangalia kila usiku likitoa moshi, na sikuwahi kujiuliza ni la nini.

Kuna mambo mawili bado. Koti lako sikuliona likivaliwa na Mama hata siku moja. Siku lilipofika alimpa Peres aniletee, akasema, "Mpe huyo anayekesha nje." Nilikataa, akaniambia kupitia ukuta nisimbishie mtu mzima. Kwa hiyo yale masaa yote ya usiku ni mimi nilikuwa nimelivaa. Nimelifua, nitakuja nalo.

La pili ni barua yako. Omollo aliileta siku hiyo hiyo jioni. Alitukuta tumekaa nje na majirani, hakujua, akaanza kwa mzaha. Peres hajaisoma. Niliisoma mimi, nikaificha ndani ya kiatu. Sijui nimpe au nimfiche. Niambie, nitafanya utakavyosema.

Mama tunamleta Ijumaa ya wiki ijayo.

Mimi mkwe wako,
Odero


Ugenya
27 Julai 2025

Mwanangu Odero,

Barua yako ina makosa mengi, na sikushika kalamu nyekundu.

Oloo alipopigiwa simu alikuja akasimama mbele yangu, mdomo unaenda na mimi sisikii kitu. Nikampa kalamu. Akaandika neno, akalikata, akaandika tena. Nililisoma nikasema jina hili limekosewa. Nilimkatalia mpaka mkewe akapiga magoti akanishika miguu.

Sasa wewe unaniuliza ulichomwuliza daktari, ingawa umejifanya huniulizi. Sijui, Odero. Hakuna anayejua. Lakini najua hili. Ulisimama nje ya ule mlango kwa sababu mimi nilikuwa nimesimama hapo kabla yako. Binti yangu aliniomba neno moja, nikamwandikia ukurasa mzima. Halafu niliandikiwa ukweli wa kichwa kuuma, nikausoma, mimi mwalimu, nikaona uzee kama alivyosema yeye. Nilifurahia jiko. Imo katika maandishi yangu. Kwa hiyo usibebe peke yako. Hata mgongo wa askari una mwisho.

Mpe Peres barua yangu. Usimfiche. Atanikasirikia, na ana haki. Mwambie akimaliza kukasirika ale, maana mtoto ananyonya huzuni pamoja na maziwa. Hilo jiko msiliingize tena ndani ya nyumba yoyote ya kufunga, na waambie wapangaji wote wa hapo, mlango kwa mlango, hata wakikucheka.

Mtoto aje amefungwa kifuani, kama bibi yake alivyomfunga. Nataka kuona hiyo pua.

Koti silitaki tena. Livae uje nalo. Nikikuona umelivaa nitajua ni joto gani alilokuwa analiona kila siku.

Sasa nisikilize vizuri. Mkifika, vijana wa hapa watakuonyesha hema la wakwe nje ya boma, ndivyo inavyofanywa. Usiende. Nimetandika kitanda ndani ya nyumba yangu, chumba cha mbele, na nimewaambia wazee, na wamenuna, na waendelee kununa.

Mtafika kumeshaingia giza, namjua Omollo. Wewe utasimama langoni ukohoe, kwa sababu umelelewa hivyo. Lakini mimi sisikii, na aliyekuwa anakujibu hayupo. Usikohoe, usingojee, usitafute mwanamke wa kukufungulia. Mlango nitauacha wazi. Ingia.

Baba yako,
Oyoo